Mnyama Akifika Nyumbani: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kujua Ofisi ya Kwenda

Maombi mengi yanayomfikia mtendaji wa mtaa au wa kijiji kuhusu mnyama huwa na maneno mawili tu: "Njooni mmuue." Ombi hilo hutanguliza dawa kabla ya ugonjwa kujulikana. Mnyama anayeonekana uani ni dalili. Chanzo huwa ni chakula, maji, maficho, au njia yake ya zamani iliyozibwa, na mpaka chanzo hicho kiondolewe, akiuawa huyu wa leo atakuja mwingine kushika nafasi yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa mkazi wa Tanzania, wa mjini na wa kijijini, ambaye ameona au amesikia jambo na anataka kujua ni mnyama gani, amefuata nini, na taarifa ipelekwe kwa nani.

Mnyama huyu yuko chini ya nani

Taarifa nyingi hukwama kwa sababu zimegonga mlango usio wake. Wanyamapori walio nje ya hifadhi za taifa na nje ya eneo la Ngorongoro wanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016; ndani ya hifadhi za taifa kuna Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Hata hivyo mkazi hahitaji kubeba ramani ya mipaka hiyo kichwani. Mtu wake wa kwanza ni mtendaji, na kupitia kwake afisa wanyamapori wa halmashauri, ambaye ndiye anayejua kikosi kilicho karibu. Palipo na jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, askari wanyamapori wa vijiji huwa karibu zaidi kuliko gari lolote la serikali.

Mbwa, paka na mifugo ni kazi ya afisa mifugo. Nyuki, ingawa huishi porini, wako chini ya afisa nyuki wa halmashauri na Wakala wa Huduma za Misitu. Kwelea kwelea wanaovamia mtama na mpunga, pamoja na mlipuko wa panya mashambani, hupelekwa kwa afisa kilimo, ambaye huwasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini hapo hapo, kwa mfano nyuki wanashambulia watu au nyoka yumo chumbani na mgonjwa kitandani, mkazi wa mjini apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Jambo moja la kisheria linafaa kueleweka mapema. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama anapolinda uhai au mali yake, lakini inamtaka atoe taarifa, na mzoga pamoja na ngozi, meno au pembe hubaki kuwa mali ya serikali. Kiboko aliyeuawa kwenye mpunga si kitoweo cha kijiji mpaka afisa aseme hivyo. Wapo watu walioingia matatani kwa kukutwa na sufuria ya nyama yake jikoni, wala si kwa kumuua mnyama.

Sauti na vishindo juu ya dari usiku

Sauti kama ya mtoto mchanga anayelia mtini au juu ya paa imewatoa watu wengi usingizini na kuwapeleka kwa mganga. Mara nyingi huyo ni komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayependa matunda, utomvu wa miti na wadudu, na ambaye ulevi wake wa tembo la mnazi umemwingiza katika methali. Hana madhara kwa watu. Akizidi kusumbua, matawi yanayogusa paa yakatwe, na vyombo vya mgema visiachwe wazi usiku.

Vishindo vyepesi vya kukimbia kuanzia saa mbili za usiku, pamoja na kinyesi cheusi kama punje za mchele, ni vya panya. Mlio mwembamba wa wengi kwa pamoja jioni, harufu kali na kinyesi kinachopondeka kuwa unga unaong'aa kwa mabawa ya wadudu, ni popo. Kosa linalofanywa kwa popo ni kuziba tundu mchana, wakiwa ndani. Hufia humo na harufu hukaa wiki kadhaa, au hushuka vyumbani wakitafuta njia. Inafaa kusubiri watoke magharibi, kuwaachia kitambaa kinachoning'inia kwenye tundu ili waweze kutoka lakini wasirudi, kisha kuziba baada ya siku chache, na kazi hiyo isifanywe wakati wana makinda yasiyoweza kuruka. Popo asishikwe kwa mkono mtupu, na kinyesi chake kiloweshwe maji kabla ya kufagiliwa, kwa sababu vumbi lake huingia kifuani.

Kuku wanapungua

Hapa banda lenyewe hutoa ushahidi, na anayefika asubuhi kabla ya watoto kufagia atajua mengi. Mayai yakitoweka bila hata ganda, mshukiwa ni kenge au nyoka, kwa sababu wote wawili humeza. Maganda yakiwa yamevunjwa na kutapakaa karibu na mawe au ukuta, fikiria nguchiro, ambaye hulirusha yai kwa nyuma mpaka lipasuke. Kuku kadhaa wakiwa wameuawa kwa kung'atwa shingo au kichwa na kuachwa bila kuliwa, huyo ni mnyama mdogo mla nyama, kicheche kwa mfano, aliyepita mahali pembamba kuliko ulivyodhani. Vifaranga wanaopungua mchana kweupe, mmoja mmoja, wanachukuliwa na mwewe au kunguru.

Kwa watu wa Dar es Salaam na Zanzibar, kunguru anastahili neno la ziada. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa asili hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji, akaongezeka, akavuka hadi bara, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wetu. Kilichomleta ndicho kinachomweka. Mtaa ambao jalala lake halizolewi kwa siku nne utakuwa na kunguru hata mitego ikiwekwa kila kona.

Dawa ya banda ni ya ufundi. Wavu wa kuku wenye matundu mapana huzuia kuku kutoka lakini hauzuii mnyama kuingia. Tumia wavu wa matundu madogo, ufukie chini kiasi cha futi moja, na mlango ufungwe kabla ya magharibi. Sumu iliyowekwa kwenye nyama isitumike, kwa sababu anayekufa kwanza ni mbwa wa jirani, na baada yake tai aliyekula mzoga wa mbwa.

Panya wengi, na panya wanaokufa wenyewe

Panya wengi ni tatizo la nafaka kwenye magunia yaliyolazwa sakafuni, na kila mtu analijua. Dalili inayostahili hofu ni ile ya kinyume: panya wanaookotwa wamekufa ndani na nje ya nyumba, na hakuna mtu aliyeweka sumu. Katika maeneo yenye historia ya tauni, Lushoto na Mbulu zikiwemo, jambo hilo ni la kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu viroboto wa panya waliokufa hutafuta mwili mwingine wenye joto. Panya hao wasiguswe kwa mikono wala kupewa paka.

Mkojo wa panya nao una ugonjwa wake. Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliougua homa na kutokwa damu puani waligunduliwa kuwa na homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama unaochanganyika na maji au udongo. Anayesafisha ghala au kulima bondeni avae viatu vya mpira, na vidonda vya miguuni vifunikwe.

Nyoka ndani ya nyumba

Nyoka haingii nyumbani kumtafuta mtu. Anafuata panya, vyura, mayai au ubaridi wa sakafu, na huingilia chini ya mlango, kwenye bomba la maji machafu au kwenye rundo la matofali lililoegeshwa ukutani tangu mwaka juzi. Akionekana, watu watoke, mlango wa nje uachwe wazi, mtu mmoja abaki kwa mbali akimwangalia asijifiche, kisha msaada uitwe. Wengi wanaong'atwa nyumbani ama walimkanyaga gizani ama walikuwa wanajaribu kumpiga. Swila mtema mate hulenga macho, na hata akiwa mbali kidogo hakosi. Sumu ikiingia jichoni, lisafishwe kwa maji mengi mfululizo na mtu apelekwe hospitali. Kifutu hakimbii akisikia hatua, hulala kimya njiani akitegemea rangi yake, na ndiyo maana tochi ina thamani kuliko fimbo.

Aliyeng'atwa alazwe atulie, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na safari ya hospitali ianze. Kuchanja, kunyonya sumu, kufunga kamba kwa nguvu na kubandika jiwe la nyoka hakutoi sumu. Kunakula muda, na kwa mtu aliyeng'atwa na koboko muda huo ndio aliokuwa nao.

Mbwa mwenye tabia isiyo ya kawaida

Sehemu hii isomwe kwa utulivu, kwa kuwa inahusu ugonjwa unaoua watu ambao wangeweza kupona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba inayotegemeka, lakini kabla ya dalili kinazuilika karibu kabisa. Dalili kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, na muda huo wa ukimya ndio humfanya mtu adhani kidonda kimepona na mambo yamekwisha.

Mbwa mkali si lazima awe na kichaa, na mbwa mpole si lazima awe mzima. Kinachoangaliwa ni mabadiliko: mbwa aliyekuwa akibweka vizuri sauti imekuwa ya kukwaruza, aliyekuwa na woga sasa anawaendea watu, anang'ata fimbo, mawe au mnyororo, anatembea bila kujua aendako, mate yanamtoka na taya limelegea. Ipo pia aina ya kimya, ambapo mbwa hujificha, miguu inapooza na anashindwa kumeza. Ng'ombe na mbuzi nao huugua. Mfugaji anayemwona ng'ombe akitokwa mate na kushindwa kumeza hudhani amekabwa na kitu, akaingiza mkono mpaka kooni kukitoa. Kwa kitendo hicho amejiweka katika hatari sawa na ya aliyeng'atwa. Bweha, fisi au nguchiro anayeingia uani mchana bila kuogopa watu achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa hata kidogo, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu, na wengi huacha baada ya moja, wekeni saa. Baada ya hapo aende kituo cha afya kuanza chanjo, na arudi kwa tarehe zote atakazopangiwa, hata kama kidonda kimefunga. Vidonda vikubwa au vya kichwani huhitaji pia kinga ya ziada ya kudungwa kwenye kidonda chenyewe. Kupaka pilipili au majivu hakuui kirusi.

Kuhusu mbwa mwenyewe, shauku ya kumuua na kumzika mara moja huharibu ushahidi. Mbwa au paka anayeweza kufungwa salama afungwe, apewe maji na chakula, na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa kirusi katika mate siku aliyong'ata. Akifa, au ikilazimu auawe kwa sababu anahatarisha watu, kichwa kisipondwe, kwa sababu maabara hupima ubongo, na afisa mifugo ndiye apange jinsi ya kuupeleka. Chanjo ya aliyeng'atwa haisubiri majibu hayo.

Kwa tatizo la mbwa wengi mtaani, mkazi huomba wapigwe risasi. Ombi hilo limejaribiwa kwa miaka mingi, na mbwa wamerudi. Wengi tunaowaita koko wana mwenyewe, mtu anayewapa makombo jioni lakini hatamki kuwa ni wake siku ya chanjo. Kirusi hukosa njia pale ambapo kiasi cha asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, na watoto wa mbwa wahesabiwe humo. Kampeni za chanjo huwa nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mtaa usisubiri tangazo, umwandikie afisa mifugo mapema na kumwambia una mbwa wangapi.

Tembo shambani

Nyayo za mviringo kubwa kuliko sahani, miti iliyokunjwa, migomba iliyopasuliwa na kinyesi chenye nyuzi nyuzi havina mshukiwa mwingine. Swali gumu ni kwa nini wamekuja hapa na kwa nini mwaka huu. Wakija mahindi yakiwa mabichi, wamefuata utamu. Wakija kiangazi na kuvunja tangi au bomba, wamefuata maji. Wakipita mahali pale pale kila mwaka, wakiharibu kwa kukanyaga kuliko kula, shamba limelimwa ndani ya ushoroba, yaani njia ya asili wanayopita wanyama, na hakuna uzio wa mkulima mmoja utakaoibadilisha safari iliyo na umri kuliko kijiji. Wakivunja ukuta wa nyumba, kuna nafaka ndani au pombe inayochachuliwa, kwa sababu pua ya tembo huipata harufu hiyo kwa mbali.

Njia za kuwazuia zipo, na zinashindwa kwa sababu zinazojulikana. Uzio wa kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyochanganywa na mafuta machafu hufanya kazi mpaka mvua inapoosha. Ukishindwa, uliza kwanza ulipakwa lini. Matofali ya kinyesi na pilipili yanayochomwa hutoa moshi wanaouchukia, lakini yakiwashwa upande usiofaa wa upepo, anayekohoa ni mlinzi. Uzio wa mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, mzinga kila baada ya mita 10 hivi, huwatisha tembo wanapougusa na nyuki wakatoka; mizinga ikiwa mitupu, huo ni uzio wa masanduku tu, na tembo hugundua upesi. Tochi ya mwanga mkali na honi hufaa pale wanapofika ukingoni, kabla hawajaonja. Mashamba yaliyopakana na kulindwa kwa zamu huhimili kuliko shamba moja lililojitenga porini, na pembezoni panafaa zaidi pilipili, tangawizi au vitunguu kuliko mahindi na matikiti.

Yasiyofaa ni kuwarushia mawe, kuwatumia mbwa, ambao wakifukuzwa humkimbilia mwenyewe na tembo nyuma yao, na kusogea ili kupiga picha kwa simu. Jike mwenye ndama haonyi mara mbili.

Fisi zizini, mamba majini

Fisi hufuata mzoga, mabaki ya machinjio na zizi la miba iliyokauka ikaacha pengo. Mizoga izikwe kwa kina, na zizi liimarishwe; wafugaji wa Simanjiro wameona nafuu kwa kutumia nyaya za wavu zilizofungwa kwenye miti hai inayochipua kuwa ukuta. Imani kwamba fisi fulani ni wa mtu fulani haipunguzi mbuzi wanaoliwa, na imewahi kuwaponza wazee wasio na hatia.

Mamba hujifunza ratiba. Mahali ambapo watu huchota maji saa ile ile, hatua ile ile ya ukingo, ndipo anaposubiri. Kizimba cha miti au chuma kilichojengwa majini huzuia, mradi kikaguliwe baada ya kila mafuriko.

Taarifa imetolewa na hakuna aliyekuja

Hii nayo ni dalili, na ina vyanzo vyake. Kikosi ni kidogo na wilaya ni kubwa. Hilo ni kweli, na mkazi hana la kulifanya. Lakini mara nyingi taarifa yenyewe ilikuwa "kuna mnyama huku", na afisa mwenye taarifa nne mezani huanza na ile inayoeleweka. Taarifa itaje mnyama au alama zake, idadi, saa, kitongoji na mahali pa kufikia kwa gari, kama kuna aliyejeruhiwa, na simu ya mtu atakayekuwa hapo. Itolewe kwa mtendaji kwa maandishi, hata kama ulishapiga simu, na nakala ibaki kwako.

Nakala hiyo ina kazi nyingine. Anayeharibiwa mazao au mifugo na wanyama wakali na waharibifu anaweza kuomba kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa huomba kifuta machozi. Majina hayo yalichaguliwa kwa makusudi: serikali haisemi inalipa fidia, na kiasi hakilingani na hasara. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, na kwa mazao ziliweka kiwango kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, zisizidi ekari tano, huku shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpakani likikosa kabisa. Afisa wanyamapori aulizwe viwango vinavyotumika siku ya maombi. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu uharibifu haukuthibitishwa ukiwa mbichi. Kwa hiyo mkulima asing'oe mabua wala kupanda upya kabla ya afisa ugani kupima eneo, apige picha zinazoonyesha nyayo pamoja na mazao, na majirani wawili walioona waandike majina yao siku hiyo hiyo. Mnyama naye awe katika orodha ya kanuni: tembo yumo, lakini panya na kwelea kwelea, hata wakimaliza shamba zima, hawamo.